Msiba wa Mazoezi

Jumanne

Mara tatu kwa wiki, alisema nesi, la sivyo presha itanimaliza kama ilivyommaliza baba. Leo nimeanza. Nilisahau kwamba hapa Iyula ukimwona mtu mzima wa miaka hamsini anakimbia, ujue kuna msiba.

Mama Neema, jirani yangu, alikuwa anachuma kahawa, mtoto amelala mgongoni. "Baba Tumaini, nani amefariki?"

Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo. Nikapunga mkono tu. Akatupa kikapu, akanifuata huku analia.

Kwenye kona ya shule nikakwama kabisa. Nikamwambia ni mazoezi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kicheko nitakizoea. Kinachoniuma ni kwamba kabla ya kona ile alikuwa ameshanipita, na mtoto hata hakuamka.