Masahihisho ya Wasifu wa Mshambuliaji Asiyefunga

Litembo, Mbinga

Kwako mwanangu Osmund, mtoto wa marehemu kaka yangu,

YAH: OMBI LA KUSAHIHISHA WASIFU NILIOUSOMA MAZISHINI KWAKO

Pokea salamu zangu za heshima huko uliko. Mimi baba yako mdogo, niliyepewa na ukoo dhamana ya kusoma wasifu wako, ninakuandikia kwa madhumuni mawili: kukuarifu kwamba wasifu ule haukuwa wako, na kukuomba ruhusa ya kuusahihisha.

Hali ya nyumbani ni kama ifuatavyo. Mama yako anaendelea, ingawa anakula kidogo. Kahawa uliyoipanda baada ya kustaafu mpira imetoa maua. Kile kiti chako kipana, ulichochongewa kwa sababu vya kawaida vilikuwa vinakuvunjikia, bado kipo barazani. Hakuna anayekikalia.

Sasa niingie kwenye kiini cha barua.

Ulipotupigia simu kutoka Marekani kwamba umeacha mpira wa kikapu na kusajiliwa katika mpira wao ule wenye umbo la yai, nilikuuliza unacheza namba ngapi. Ulijibu: "Baba mdogo, nipo safu ya ushambuliaji." Mwanangu, hapa kwetu neno hilo lina maana moja tu. Nilitoka na simu mkononi hadi kilabuni nikatangaza kwamba kijana wetu anafunga magoli Marekani. Miaka yote uliyocheza nilifunga magoli hayo kwa niaba yako. Ulipokaa benchi, nilisema wanakuhifadhi kwa mechi kubwa. Ulipopasuliwa goti na timu ikakuacha, nilisema mabeki walikuvizia. Timu ya pili ilipokuchukua, nilisema wamekugombania.

Iwapo ningekuwa nimekosea kwa kutokujua, ningejitetea. Lakini ulirudi likizo, ukakaa nasi kilabuni, na dereva wa bodaboda akakutania: "Kaka mkubwa, tuigizie basi hata goli moja!" Ukacheka. Ukasema kwa upole, "Mimi sifungi, mdogo wangu. Mimi nazuia." Nami nikakukata kauli mbele ya watu: "Osmund, usijishushe." Ulinitazama. Kisha ukainuka, mwili wote ule, na vidole vyako vilivyopinda, ukaigiza goli ambalo hujawahi kulifunga. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Hivyo mazishini nilisoma, kwa sauti niliyoiandaa, kwamba marehemu alikuwa mshambuliaji hatari aliyetikisa nyavu za Marekani.

Alikuwepo mwenzako wa timu, yule aliyekuwa akirusha mpira. Alisafiri hadi huku mlimani, viatu vyake vimejaa tope. Sista wa hospitali alikuwa akimtafsiria pembeni. Nilipofika kwenye nyavu nilimwona akimuuliza Sista jambo, Sista akainamisha uso. Nilipomaliza, mgeni aliomba kusema. Sista akatutafsiria hivi:

"Mimi sijui nyavu. Osmund hakufunga hata mara moja. Nilipokuwa narusha, kanuni ilimkataza hata kuudaka mpira. Alisimama mbele yangu, na wanaume wenye mwili kama wake wakaja mbio ili wanivunje. Aliwapokea yeye. Haya meno yangu yote ni yake."

Nyuma ya umati mtu akasema, "Kumbe alikuwa beki!" Watu wakacheka, msibani, wakinitazama mimi. Nilitamani ardhi iliyokuwa imefunguliwa kwa ajili yako initoshe na mimi.

Jioni mama yako aliniita. Sikutegemea anisalimie. Alisema, "Shemeji, leo umemzika mtu gani?" Akaendelea: "Mimi aliniambia tangu mwanzo. Mama, kazi yangu ni kama ngolo." Unajua mimi ninayalima mashimo hayo ya ngolo na matuta yake tangu utoto, nikiyapanga mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo wetu. Sikuwahi kufikiri mtu anaweza kuwa hivyo kwa kazi, wala kwamba uliitafutia kazi yako neno la nyumbani, ukampa mama yako, kwa sababu mimi nililikataa lile la Kiswahili, "nazuia".

Mwanangu, sioni aibu kwa sababu watu walicheka. Ninaona aibu kwa sababu ulikuwa na sifa, nami nikaona hazitoshi, nikakutungia nyingine.

Jumapili ijayo tunaanua matanga. Nimeandaa wasifu mpya, mfupi. Hauna goli hata moja. Unaeleza ulisimama wapi, ulimzuia nani, na nani alibaki mzima. Ninaahidi kutoongeza neno. Ninaahidi pia kwamba yeyote atakayeniuliza kilabuni atajibiwa hivyo hivyo, hata akicheka.

Hata hivyo, wazee wanataka nisome mimi, kwa kuwa ndimi msemaji wa ukoo. Mimi naona nimepoteza haki hiyo, na kwamba anayestahili ni mama yako, ingawa hajawahi kusimama kusema mbele ya wanaume wa ukoo huu. Yeye amejibu tu, "Muulize mwenyewe." Ndiyo maana ninakuuliza.

Lala salama, mwanangu. Nisamehe kwa makofi yale.

Nisome mimi, au asome mama yako? Ninaomba uamuzi wako.

Wako mtiifu,
Baba yako mdogo