Vinyeti ya Pikipiki Iliyolala Chini ya Kitanda

Kata ya Majengo,
Goma, Kivu ya Kaskazini.
Tarehe 23 Februari 2014

Mpendwa mdogo wangu Paulin,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana wetu. U hali gani huko Rwamwanja? Kile kikohozi ulichotuandikia wakati wa Noeli kimekuacha? Na kipande cha shamba walichokupimia, mahindi yamekubali? Nijibu haya yote kwanza, usiruke maswali ya watu kama ilivyo desturi yako.

Sisi huku tu wazima. Mama analalamika magoti. Yeye anasema ni baridi, mimi nilisema ni miaka, basi tukakaa siku mbili bila kusemeshana. Cherehani yangu haipumziki tangu barabara ya Rutshuru ifunguliwe. Watu wanarudi kutoka kambini, na mtu anayerudi kwake hupenda aingie na suruali mpya. Binti yako Vanessa ameanza kusoma kwa sauti, na anasoma kila kitu: mabango, mifuko ya simenti, hata maandishi ya dawa ya mende. Nyumba haina kimya tena.

Sasa nikueleze habari iliyonikalisha chini kuandika. Inamhusu mke wako Kanyere, na inahusu pikipiki yako. Tafadhali kaa mahali pazuri, maana nina mengi, na mengine hayanipendezi kuyasema juu yangu mwenyewe.

Wewe ulipoondoka ile Julai ya mwaka 2012, ulipanda lori la kwenda Bunagana kuchukua maharage kwa sababu pikipiki ilikuwa mbovu. Bunagana ikaanguka ukiwa huko, ukavuka mpaka kuingia Uganda pamoja na watu wote, na tangu siku hiyo hatujakuona. Hayo unayajua. Usiyoyajua ni jinsi pikipiki ilivyopona mwezi wa Novemba, vita vilipoingia Goma penyewe.

Wenye bunduki walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakitafuta pikipiki. Kanyere hakungoja. Alichukua spana zako akaifungua yote, kipande kwa kipande, asubuhi moja, sufuria ya maharage ikiwa motoni. Nilimwuliza amejifunzia wapi. Alisema miaka saba alikuwa akikuangalia, wewe ukidhani anaosha vyombo. Injini ikaingia ndani ya gunia la makaa, tangi likakaa kati ya mabidoni ya maji, magurudumu yakapanda darini kwa jirani yetu mama Donatille, yule aliyetoka Masisi. Kiti chako kikawekwa ukutani, mama akawa anakikalia akichambua mchele. Walipofika kwetu, mmoja wao alimwondoa mama, akaketi yeye juu ya kiti hicho, akatuuliza pikipiki iko wapi. Mimi nilijibanza nyuma ya cherehani. Kanyere alimpa maji ya kunywa.

Watu wa mtaa walipoona ujanja wake umefaulu, nao wakaja kuomba mikono yake. Kwa siku mbili alifungua pikipiki sita. Vyuma vikasambazwa, vya huyu kwa yule na vya yule kwa huyu, na shasi, ile mifupa ya pikipiki, zikalala chini ya vitanda, ili hata kama wangeikuta nyumba moja wasipate pikipiki nzima. Hakuna aliyeandika kitu. Nani angeandika?

Basi, vita vikaisha mwaka jana, na mwezi uliopita serikali ikatangaza hesabu ya pikipiki zote za mji. Kila mwenye pikipiki alipe vinyeti, ile kodi ya barabara ya mwaka, na mwaka wa nyuma kama hakulipa. Na kama pikipiki imekufa, aende kusema imekufa, waifute kwenye kitabu, bure kabisa. Lakini ikishafutwa, haiandikwi tena. Tarehe ya mwisho ilikuwa thelathini na moja Januari.

Hapo ndipo ninapoanza kujishitaki. Barua yako ya Noeli tulikuwa tumeipokea. Uliandika kwamba huna cha kurudia Goma, vyuma viuzwe kwa kilo, na Kanyere asikungoje, atazame maisha yake. Mimi niliisoma nikasema Paulin ameamua. Nikamshauri shemeji aende kuifuta pikipiki kwenye kitabu, tusilipe kodi ya kitu ambacho hata gurudumu halijagusa barabara mwaka mzima na nusu. Nilisema hivyo nikijiona mwenye akili nyingi.

Alinijibu akiwa ameshika beseni lake la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anataka kushuka sokoni Kituku:

— Shemeji, ile kitabu iko na jina ya Paulin. Wakifuta moto, ile pikipiki, wanafuta na jina. Mimi siendi kufutisha bwana yangu.

Na kweli hakwenda kufuta. Alikwenda kupanga foleni ili alipe, mtu wa pekee katika mji huu aliyeiomba ofisi imtoze kodi. Fedha ni ya sambaza zake, sitaki uulize ni kiasi gani wala alikula nini majuma hayo.

Karani aliitwa Henri, mzee mwenye miwani, mpole ila mtu wa kanuni. Alisema hawezi kuandika pikipiki asiyoiona, na kama haitembei basi aletewe shasi yake aangalie namba. Kanyere akanituma mimi niitoe kwa mama Donatille. Niliivuta chini ya kitanda, nikaifunga juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tukaisukuma mpaka ofisini. Wenzako wa pikipiki pale kwenye mzunguko walitupigia kelele za harusi. Nilikuwa nimevaa koti langu la kanisani, Paulin, na ngurumo ya magurudumu yale ya mbao ilimgeuza kila mpita njia.

Henri akasugua namba kwa kitambaa, akasoma, akatazama kitabu, akasoma tena. Akavua miwani.

— Mama, hii ni moto ya mutu mwingine.

Mimi nilitafuta mlango ulipo. Siku hizi ukikutwa na pikipiki isiyo yako, maelezo unayatoa ukiwa umeshafungwa. Lakini Kanyere aliinama, akaiangalia, akaanza kucheka.

— Papa, utusamehe. Hii ni ya Ferdinand. Ya kwetu iko ku kitanda ingine.

— Sasa kule kwenu, chini ya vitanda, muko na moto ngapi?

— Papa, hata wale wa vita walituuliza hiyo swali. Hatukuwajibu.

Yule mzee alicheka mpaka foleni yote ikacheka naye. Akatupa siku nne.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Kanyere aliwatoa watu wote wa mtaa na vyuma vyao. Ungekuwepo! Injini, mabomba, usukani, vyote vimepangwa juu ya mawe meusi ya uwanja wetu, na wanaume wazima wanabishana kama wanawake wanaogombania kisima. Jirani yetu Ferdinand alikuwa akila wali mwaka mzima juu ya meza iliyoshikiliwa na tangi lako. Mimi niligundua kwamba taa niliyokuwa nikiilinda kwa maisha yangu haikuwa yako wala ya mtu yeyote wa mtaa, na mpaka leo sijui imetoka wapi. Ni Kanyere aliyetuliza watu. Alikumbuka kila spana ilipopita. Jioni ilipofika, kila mtu alikuwa na chake.

Tulirudi ofisini Jumatatu na shasi ya kweli. Namba ikakubaliana. Nikapumua. Lakini Henri akauliza mwenye pikipiki yuko wapi, maana jina ni la mwanamume. Kanyere akasema ni mkimbizi Uganda. Henri akasema kwa wema kabisa kwamba wengi wamekufa njiani na watu wao hawajui, na kwamba ni rahisi zaidi aandike jina la mama huyu aliyepo, amalize shida. Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Kanyere akakataa. Karani akasema basi alete kitu kinachoonyesha kwamba huyo Kambere Paulin yu hai.

Ndugu yangu, hatukuwa na kitu kingine. Kanyere alifungua kitambaa chake cha kichwa, akatoa barua yako. Ile ile. Ile uliyoandika kwamba tuuze vyuma na yeye asikungoje. Alikuwa ameibeba kichwani tangu Noeli, na mimi nilidhani ameitupa. Akaiweka mezani, na tarehe yako, na muhuri wa posta wa Uganda juu ya bahasha.

Henri aliisoma yote. Niliona macho yake yakifika pale ulipoandika maneno yale, kisha yakapanda kumtazama Kanyere, kisha yakarudi kwenye karatasi. Niliona aibu mpaka nikatazama ukuta. Kanyere alisimama wima, mikono juu ya meza, kama mtu aliyeleta cheti cha ubatizo. Karani alivuta kitabu. Aliandika jina lako, polepole, kwa herufi nzuri. Faini ya kuchelewa akaifuta, akisema pikipiki iliyolala chini ya kitanda haikuchelewa popote. Kodi ya mwaka wa nyuma Kanyere aliilipa, ingawa niliomba apunguziwe. Hakutaka mwaka hata mmoja ukose jina lako.

Henri alipotaka kumrudishia barua, Kanyere alisema:

— Ibakie apa, papa. Mimi nilishaisoma.

Basi iko huko, imebanwa kwenye dosie, lile faili lako la ofisini. Yale maneno hayako tena nyumbani kwako.

Nimeishi na wanawake wenye nguvu. Mama yetu alitulea kwa jembe, wala simsahau. Lakini siku ile nilimtazama shemeji yangu akishuka ngazi za ofisi, karatasi mbili zimekunjwa ndani ya kitenge, nikajua mimi, kaka mkubwa, niliyejifanya kichwa cha familia, sikuwa nimekutetea hata mara moja. Yeye alikutetea mbele ya watu, kwa barua yako mwenyewe uliyomkataa nayo. Namheshimu, Paulin. Nakuandikia ili nawe ujue ni nani uliyemwambia asikungoje.

Limebaki jambo moja. Chini ya fomu pana nafasi ya sahihi ya mwenye pikipiki, aitie yeye mwenyewe pale ofisini. Henri ameiacha nyeupe mpaka mwisho wa Juni, na baada ya hapo kanuni ni kanuni. Nilijitolea kusaini mimi, maana mwandiko wetu unafanana, tulifundishwa na mwalimu mmoja. Kanyere alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuiona tena. Najua unachoogopa. Unaogopa kuulizwa kwa nini hukuwepo vita vilipoingia. Hapa hakuna atakayekuuliza hilo. Wengi hawakuwepo, na tuliokuwepo hatukufanya la maana, isipokuwa huyo mmoja.

Mama anakusalimu na kukuombea kila alfajiri. Mama Donatille anakusalimu, amefurahi kupata nafasi chini ya kitanda chake. Ferdinand anakusalimu, sasa anakula wali juu ya magoti. Vanessa amesema nikuandikie kwamba amesoma jina lako kwenye vinyeti peke yake, bila kusaidiwa. Nawe unisalimie wote wa kwetu walioko kambini, hasa Perpétue na watoto wake.

Mungu aliyekuvusha mpaka ukiwa mzima akushike mkono vivyo hivyo njia nzima, akukinge na mabaya yote.

Nilimwuliza Kanyere anakutumia salamu gani. Alikuwa anapanga sambaza, hakuinua hata kichwa. Alisema: «Mwambie bureau ya papa Henri wanafunguaka saa mbili ya asubui.»

Ni mimi kaka yako nikupendaye, leo kuliko nilivyowahi kukuambia,

Benny Paluku