Majivu Yangu Kwenye Sinki Lako

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa mwanangu, mke wa mwanangu,

Salamu zangu zikukute umekaa na miguu umeiinua juu ya kiti kingine, maana nikikujua, barua hii umeifungua umesimama. Kaa kwanza. Haya. Miguu bado inavimba ikifika jioni? Kiungulia je? Na mjukuu wangu bado anakupiga mateke upande wa kulia, au amekuonea huruma akahamia wa pili? Kliniki wamesemaje? Ukinijibu usiniandikie "sijambo" tupu, mimi neno hilo halinitoshi.

Sisi huku tu wazima. Goti langu ni lile lile, likitaka linatembea, lisipotaka linakaa. Baba mkwe wako ana kikohozi kidogo, na dawa ameificha nyuma ya redio akidhani sijaiona.

Mwandiko utanivumilia. Darasa la tatu ndilo nililoishia, na barua hii nimeianza mara nne, karatasi tatu zimekwenda kuwashia moto. Hakuna aliyenisaidia kuandika wala aliyeisoma. Inaletwa na yule jirani yetu fundi cherehani, anakuja huko Jumanne kuchukua vitambaa. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili, maana fundi yule anashona vizuri lakini macho yake yanapenda kutembea.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu, kabla sijarudi tena kwenye habari za goti. Sinki lako la jikoni nililiziba mimi.

Nimeliandika. Ngoja nipumue.

Mwanangu, ile siku niliyofika kwenu mlinipokea kama malkia, lakini kesho yake asubuhi mlikwenda kazini wote wawili, nikabaki na saa ya ukutani. Mimi sijui kukaa bure. Nikasema nifanye kazi, mke wa mwanangu akirudi na tumbo lake akute jiko linang'aa. Nikatazama sufuria zako. Unisamehe, lakini huko nje chini zilikuwa nyeusi kama soli ya kiatu, na kale kasponji kako ka njano kanazipapasa tu, hakazisugui. Nikafungua mkoba nikatoa kopo langu. Nililibeba toka nyumbani, lile la maziwa ya unga, ndani majivu niliyoyachekecha nikachanganya na mchanga laini. Wengine hawasafiri bila kitana, mimi sisafiri bila kopo lile.

Siku kumi na moja nilisugua. Kila siku mlipotoka tu, mimi kazini. Yote yale nilisuuza nikayapeleka kwenye lile tundu. Na mafuta ya nyama yaliyoganda kwenye kikaango, nayo niliyamwagia maji ya moto yakashuka humo humo, kisa nisichafue mfuko wako wa taka. Wewe umepaona tunapooshea vyombo hapa kwetu, pale nyuma kwenye jiwe. Maji yanaingia ardhini, na ardhi haijawahi kulalamika. Nikadhani tundu lako nalo linakwenda nje vivyo hivyo. Sikujua kwamba huko chini bomba limejikunja kama kiwiko na linaweka kila linachopewa.

Ile Jumamosi unaikumbuka. Ulikuwa umeloweka vyombo, bomba linatiririka kidogo, ukaja kunisalimia sebuleni dakika mbili. Kufumba na kufumbua mama wa chini, dada yake mwenye nyumba, huyo mlangoni na beseni kichwani kama kofia. "Kwangu kunanyesha! Nyie huko juu mmekuwa mawingu?" Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Kisha akaja mwenye nyumba mwenyewe, akasema mwezi wa sita ukiisha sinki bado linaziba, mtafute pengine.

Halafu mumeo, Bwana Mkubwa. Jina hilo tulimpa akiwa na miaka mitatu kwa jinsi alivyopenda kuamrisha, na naona limemkaa. Alikugeukia mbele yangu. "Nimeoa mwanamke asiyejua hata kuosha sufuria! Mama huyu hapa, muombe akufundishe."

Akufundishe nani? Mimi?

Ulinitazama mara moja, ukatazama chini, ukasema, "Nisamehe, nitakuwa mwangalifu." Mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Nikanywa chai. Naandika hili ujue kwamba sijasahau, nilikunywa ile chai mpaka ikaisha na sikusema neno.

Usiniulize kama wakati ule nilikuwa najua. Moyo uliniambia. Nikaujibu kwamba majivu ni mepesi, yanakwenda na maji. Jioni ile ile nikalisukuma kopo nyuma ya mtungi wa gesi, na mtu asiyejua kosa lake hafichi kopo.

Basi Alhamisi iliyopita Bwana Mkubwa akanipigia simu. Akasema limeziba tena mara ya tatu. Wanatia dawa ya dukani, linafunguka siku mbili, linarudi pale pale. Mwezi nao unakatika. Akasema amewaza wewe urudi kwa mama yako mpaka ujifungue, huko ukajifunze kutunza nyumba. Aliyasema hayo polepole, kama mtu aliyeyafikiria. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, nikasikia namuuliza kama amekula. Ndivyo nilivyo. Hata wewe nimekupigia mara tatu wiki hii, ukipokea nakuuliza kama huko kuna mvua. Ndiyo maana nimeona bora karatasi. Karatasi hainiangalii usoni.

Ijumaa nikamfuata fundi bomba, alikuwa anatengeneza mabomba ya zahanati. Nikamwambia nina rafiki yangu sinki lake limeziba.

"Ametia nini huyo rafiki yako, mama?"

"Majivu kidogo."

"Majivu tu?"

"Na mchanga. Laini lakini, wa kuchekecha."

"Na mafuta?"

"Ya nyama."

Akaweka spana chini akanitazama. "Mama, huyo rafiki yako hajaziba bomba. Amejenga. Mwambie akija mjini kazi ya uashi ipo."

Nilicheka naye, lakini niligeuka upande nikafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Nadhani aliona, maana baada ya hapo alinieleza taratibu, bila utani, na akarudia mara mbili nishike. Nami nakuandikia alivyosema.

Kwanza, kama dawa ya dukani imemwagwa humo siku za karibuni, usiongeze kitu kingine juu yake. Si siki, si dawa ya kung'arishia nguo, si chochote. Anasema vitu hivyo vikikutana hutoa mvuke unaokaba koo, na wewe sasa hivi unavuta pumzi za watu wawili. Mwambie Bwana Mkubwa dawa hiyo aache kuinunua kabisa.

Zile dawa zetu za nyumbani ni kweli zinafanya kazi, mimi mwenyewe nimezijaribu jana kwenye tundu la bafu letu. Nilitia magadi ya unga vijiko vinne vikubwa, nikafuatisha siki kikombe kimoja. Likatoa povu kama maziwa yanayochemka, baba mkwe wako akaja mbio akidhani nimechoma kitu. Nikaacha robo saa, nikamwagia maji ya moto, yakashuka yanaimba. Lakini fundi anasema hayo ni ya nywele, sabuni na mafuta. Kwako yatalainisha mafuta tu. Mchanga hauogopi povu. Ndiyo maana dawa inafungua siku mbili, mafuta yanalegea, kisha mchanga unajilaza tena.

Dawa ya mchanga ni mkono. Chini ya sinki lipo lile bomba lililojikunja, na kwenye mkunjo kuna vifungo viwili vya kuzungusha kwa mkono, vya plastiki. Iwekwe ndoo chini yake, vilegezwe, mkunjo utoke wote. Ukishatoka upigwepigwe kwenye ndoo, usuguliwe ndani kwa waya uliopindwa ncha, urudishwe. Avae glavu za mpira, zile ndefu, na asiuelekeze uso wake pale panapotoka maji, kwa sababu ya ile dawa ya dukani. Likisharudi mahali pake ndipo mtie magadi na siki, siku nyingine, kumalizia mafuta yaliyonata. Na maji yawe ya moto lakini si ya kuchemka, mabomba yenu ni plastiki.

Nimesema avae, si uvae. Wewe usiiname chini ya sinki na tumbo hilo, nakuapia nitajua. Apige magoti yeye. Mkono utiwe na yeye. Ndilo ninalotaka hasa, kuliko hata sinki kufunguka. Kwa maana kitakachotoka humo hakitakuwa wali wala maganda ya vitunguu vyako. Litatoka tope la kijivu, na Bwana Mkubwa atalijua kabla hajanawa. Tangu akiwa hana meno amelishwa kutoka kwenye sufuria zilizosuguliwa kwa hilo. Alilichezea, alilipaka usoni, siku moja alilila nikamkimbiza zahanati. Hakuna nyumba nyingine huko kwenu yenye majivu yale.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo lililonikosesha raha kuliko simu ya Alhamisi.

Siku naondoka kwenu kopo nililisahau nyuma ya mtungi. Au nililiacha makusudi, sijui. Nilipofika hapa nikafungua mkoba, nikalikuta chini kabisa, limezungushiwa kitenge changu. Limeoshwa, limekaushwa, limejaa majani ya chai. Nilikaa kitandani nalo mapajani muda mrefu. Mume wako hawezi kukunja kitenge namna ile. Ni wewe. Kwa hiyo ulijua. Pengine ulishaliona kopo hata kabla ya Jumamosi ile, ukaelewa kila kitu, na mumeo alipokusema bado ukakubali kosa si lako, na mimi nimekaa mbele yako nameza chai. Na hata sasa anavyotaka kukurudisha kwenu hujamwambia, maana angekuwa ameshanipigia kelele.

Sijui mama yako alikulea kwa maziwa gani. Ukimwandikia mwambie namsalimu na namshukuru.

Lakini mwanangu, heshima hiyo sasa inatosha. Usinisitiri tena. Mtu asitoke kwenye nyumba yake na mimba ya miezi saba kwa sababu ya kopo langu. Jumatano jioni, ukishaipata barua hii, nitampigia Bwana Mkubwa na nitamwambia mwenyewe, hata nikianza kwa kumuuliza chakula nitamalizia na majivu. Nimemwomba baba mkwe wako akae karibu yangu asiniache nikate simu. Ila nimetaka wewe usikie kwanza, tena uwe na karatasi, mtu yeyote akija na neno umwoneshe. Mwenye nyumba muoneshe. Mama wa chini msomee kabisa, mwambie mawingu yalikuwa ni mimi, na nikija kumpokea mjukuu nitagonga mlango wake kwanza kabla sijaweka mkoba chini.

Sufuria zako sitazigusa nikija. Nitagusa mtoto tu. Kama nikishindwa kukaa bure, utanionesha namna ya kutumia kale kasponji.

Wanakusalimu wote. Baba mkwe wako anasema usinyanyue ndoo. Wifi yako mkubwa ameshafuma soksi jozi tatu, mbili zinafanana. Shangazi wa jirani anauliza kila siku kama bado, kana kwamba miezi mimi ndiye ninayeizuia. Wasalimie wenzako wa kazini, na fundi cherehani akifika mpe chai lakini usimwache peke yake na barua zako.

Mungu akulinde wewe na huyo wa ndani, akupe usingizi, na akupe siku moja mkwe atakayekuwa kwako kama ulivyo wewe kwangu.

Ni mimi mama yako, niliyekupenda tangu siku ya kwanza nikachelewa kukutetea.

Nimesahau. Ndoo iwe ile kubwa ya bluu. Nilitia mengi.