Risasi Niliyokataa

Ilemba, 12 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kifua hakikusumbui na huo upepo wa Sumbawanga. Mimi ni mzima, ila joto la huku bondeni limeninyima usingizi. Barua hii nampa Obed, kondakta wa gari la Ilemba, kwa sababu simu ya huku tunaishia kuitana haloo, haloo, mpaka inakatika.

Kituo chetu cha askari wanyamapori kina mwanamke mmoja, ndiye mimi. Siku niliyofika, mkuu wa kituo, Bwana Mayunga, alinikabidhi funguo za ghala. Akasema, "Wewe utatutunzia vitu." Nikamwambia nimesomea kulenga shabaha, sikusomea kutunza ghala. Wenzangu wakacheka. Bunduki nimepewa baadaye, lakini ghala nalo bado ni langu.

Sasa nyati wanatoka kwenye matete ya ziwa na kuingia kwenye mpunga wa watu. Tunasubiri amri ya kuwapiga. Mama, wewe ulifundisha shabaha jeshini miaka yote ile. Risasi zangu zinashuka chini ya alama. Nifanyeje?

Binti yako,
Gaudiosa


Sumbawanga, 20 Mei 2024

Mwanangu Gaudi,

Marahaba. Kifua kimetulia, namshukuru Mungu. Ulezi nimeshavuna, naupura taratibu.

Risasi zinashuka kwa sababu unauogopa mlio. Kabla haujatoka, bega limeshajisukuma mbele na mtutu umeinama. Chukua bunduki tupu. Ikague mwenyewe, kisha mwenzako naye aikague. Lala kifudifudi, weka kizibo cha soda juu ya mtutu, fyatua. Kizibo kikianguka, anza upya. Kiwiko cha kushoto kikae chini ya bunduki, mfupa ndio ubebe uzito, maana nyama inachoka. Ukishalenga, fumba macho upumue. Ukifumbua ukakuta ncha imehama, usiivute kwa mikono, sogeza nyonga. Toa pumzi, na pale kifua kinapotulia kabla hujavuta nyingine, kidole kibonyeze polepole mpaka mlio ukushtue wewe mwenyewe. Na usiinue kichwa kwenda kutazama umepata nini.

Nyati ni mkubwa, atakudanganya kwamba popote utampata. Wewe lenga mahali pamoja, nyuma ya bega, chini. Kama pale hupaoni, huna shabaha.

Wanaocheka waache. Kambini kwetu nao walicheka mpaka ubao wangu wa shabaha ulipoletwa wakahesabu matundu.

Mama yako


Ilemba, 9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umevurugika.

Kizibo sasa hakianguki. Wenzangu waliokuwa wakicheka wanakuja kuniuliza nashikaje kitako cha bunduki. Lakini jana nimenyang'anywa bunduki, na nataka usikie kutoka kwangu.

Walikuja wageni wa Bwana Mayunga kutoka mjini, wakataka kuona nyati akipigwa. Tukaenda nao kwa gari hadi ukingo wa mpunga. Dume moja lilikuwa limesimama mbali, limetugeuzia makalio, na nyuma yake, upande wa pili wa matete, niliona vitambaa vya kichwa vya wanawake wanaokata mpunga. Wageni walikuwa wameshatoa simu kupiga picha. Bwana Mayunga akaniambia, "Haya, fundi. Piga."

Nikamwambia, "Sipigi, mkuu. Bega silioni, na kuna watu nyuma."

"Nimesema piga."

"Nimesikia. Sipigi."

Akanipokonya bunduki, akaegemea mlango wa gari ambalo injini yake ilikuwa bado inaunguruma, akafyatua. Nyati alijikunja, akapotelea kwenye matete. Nilisikia ile sauti, mama, risasi imeingia tumboni. Nikasema tumfuate, tusimwache na jeraha. Akasema atakufa mwenyewe, wageni wana njaa.

Tangu jana mimi ni mtu wa ghala tu. Ameniambia nimwombe radhi mbele ya wenzangu. Sijamwomba.

Binti yako,
Gaudiosa


Sumbawanga, 16 Juni 2024

Gaudiosa,

Salamu zako nimezipata. Mimi sijambo.

Sare si kanga, kwamba usipoipenda unaivua. Umemvua nguo mkuu wako mbele ya wageni wake, kisha unaniandikia kama mtu anayesubiri pongezi. Ungeweza kupiga hewani. Ungeweza kusema bunduki imekwama. Kusema "sipigi" mdomoni ni jambo jingine, na jeshini nimeona watu wakifungwa kwa neno hilo.

Kazi hiyo umeisotea. Nenda ukaombe radhi.

Mama yako


Ilemba, 7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Yule nyati hakufa. Wiki iliyopita alitoka kwenye matete asubuhi, akamkuta Debora, mama mmoja mkulima wa hapa kijijini, akikata mpunga wake. Alimrusha, akamkanyaga nyonga. Watu walipiga mayowe na madebe ndipo akarudi majanini. Debora ameletwa huko kwenu hospitali.

Bwana Mayunga alikuwa safarini. Wenzangu wakasema tusubiri amri. Mimi nilikuwa na funguo. Nikafungua ghala, nikachukua bunduki, nikaenda na Abeli, mzee wa hapa kijijini anayejua kusoma nyayo.

Nyati aliyejeruhiwa hakimbii mbali, mama. Anazunguka, anasubiri kando ya njia yake mwenyewe. Abeli alinishika bega akaonyesha kwa kidevu. Nikaona sikio, kisha pembe. Alikuwa ametuelekea. Nikapiga goti, nikaegemeza mkono kwenye mti wa mgunga. Abeli akanong'ona, "Piga, binti." Sikupiga, bega nilikuwa silioni. Jasho liliniingia machoni nikaliacha. Alipopiga hatua na kugeuka ubavu, nikatoa pumzi. Mlio ulinishtua. Sikuinua kichwa, nikaongeza ya pili palepale. Alikwenda kidogo tu, akaanguka.

Tulipomchuna tulikuta risasi ya kwanza tumboni, nyama imeoza kuizunguka. Kila mtu aliiona.

Hata hivyo, Bwana Mayunga aliporudi aliitisha mkutano wa kijiji, akasema mimi ndiye niliyemjeruhi nyati siku ile, na kwamba nimeiba silaha ya serikali. Nikasimama. Nikasema, "Risasi ya tumboni ni yako, mkuu. Mimi siku ile sikupiga." Akaniambia nikae. Sikukaa.

Shauri langu litasikilizwa na kamati ya nidhamu huko Sumbawanga tarehe ishirini na mbili. Nimeambiwa nikikiri na kuomba radhi litaishia kimyakimya. Siombi. Na zile njia ulizonipa, kupiga hewani, kusingizia bunduki, wewe hukunilea hivyo. Nakuheshimu sana, mama, lakini hata kwako siombi radhi kwa hili.

Binti yako,
Gaudiosa


Sumbawanga, 14 Julai 2024

Mwanangu Gaudi,

Marahaba, tena marahaba. Mimi sijambo.

Barua yako niliisoma nikakasirika, nikatoka kwenda hospitali kumtazama huyo Debora, nikitaka kusikia kwa mtu mwingine. Nilimkuta hana wa kumpikia, ndugu zake wamebaki na mavuno. Sasa nampelekea uji asubuhi na ugali mchana.

Nilimwuliza kuhusu ile siku ya wageni. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa nyuma ya matete pale. Tulisikia gari, tukamsikia mwanamume anafoka piga, piga, na mwanamke anajibu sipigi. Tukalala chini kwenye matope na miundu yetu. Mlio ulitoka mmoja tu." Hakujua kwamba aliyekuwa akifokewa ni binti yangu. Nilipomwambia, alinishika mkono asiuachie.

Niliyokuandikia mwezi wa sita yachome. Niliandika kama yule koplo niliyekuwa jeshini, na koplo hakuwa kwenye ule mpunga.

Debora anataka kuja kwenye shauri. Daktari amemkataza kusimama, yeye anasema atasimama. Nitakuwa naye. Wewe njoo na sare yako imepigwa pasi, utazame mbele, na usimpigie magoti mtu yeyote mle ndani.

Mama yako


Wampembe, 15 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje na kifua? Mimi ni mzima, na hapa ziwani nanenepa kwa samaki. Mwambie Debora nimefurahi kusikia anatembea na fimbo moja.

Uamuzi ulinifikia baada ya wewe kurudi nyumbani kwako na mimi kurudi Ilemba, ndiyo maana umekaa bila habari. Kosa la kumjeruhi nyati wameniondolea, baada ya maneno ya Debora wasingeweza kuliacha. Kwa kuchukua bunduki bila kibali nimepewa onyo kali na uhamisho wa kuja huku Wampembe. Bwana Mayunga bado yuko kituoni pake. Wanawake wa Ilemba wamekwenda kwa mkuu wa wilaya kumkataa, wamerudishwa, na nasikia wanajipanga kwenda tena.

Kuna jambo hukulisikia siku ile, ulikuwa umemtoa Debora nje apumzike. Mwenyekiti aliniuliza, "Ukiamriwa tena vilevile, utafanya nini?" Nikamwambia nitakataa vilevile. Akauliza kama nimeelewa ninachosema. Nikamwambia aandike.

Hapa nimekabidhiwa bunduki nyingine. Kitako chake ni kirefu, kimepimwa kwa mkono wa mwanamume, kinanisukuma shavu. Nimeandika kuomba kipunguzwe. Wamekataa. Leo nimeandika tena.

Binti yako,
Gaudiosa