Kiganja cha Binti Yako

Mume wangu,

Hatujambo. Cherehani imepona, na binti yetu amehifadhi sala zote, kama ulivyotaka.

Jana tukisali pamoja alikosea neno moja. Kabla sijafungua kinywa, akafumba macho, akaninyooshea kiganja. Nikamuuliza anataka nini.

"Si unichape? Mwalimu hunichapa nikikosea. Anasema Baba ndiye aliyemruhusu."

Leo huyo mwalimu wako nimemfukuzia mlangoni, na fimbo aliyoificha nyuma ya kabati nimewashia jiko. Najua utafoka. Foka.

Lakini ukirudi, usimuulize mtoto amehifadhi nini. Mwombe msamaha. Na ukimpa mkono umsalimie, nyoosha taratibu, asije akafumba macho.

Ni mimi, mkeo kwa sasa.