Babu Hajanenepa

Raudha na Mudathir,

Babu yenu kalazwa. Nimerudi kuchukua kanga, naondoka tena. Maharage yako jikoni, yaungeni kwa nazi, chumvi msitie, ni ya Babu. ~~Mudathir usije hospitali, sitaki kukuona.~~ Njoo, ila mdomo ufunge.

Kitendawili: chakula hali, ananenepa, kitanda anakikimbia, analala kitini. Ni Babu! Daktari kasema presha ya miaka imeuchosha moyo, hausukumi damu vizuri, maji yamejaa miguuni na mapafuni. Asubuhi nimembonyeza mguu, shimo la kidole likabaki kama kwenye donge la maandazi. Nyie mlipouona umevimba mkamnunulia kandambili kubwa, na Mudathir ukamsifu kanawiri! Mmenichefua.

Na yeye naye! Nimeinua mto wa kochi, nikakuta vidonge vyake vya presha kavitema, vimelowa mate, sisimizi tele. Eti vinamkojoza, vinamkatizia bao barazani. Kinyaa kimenishika mpaka nimetapika.

Leteni mito mitatu. Akilala chali anasema anazama, halafu ananiuliza kama nimemkasirikia. Mjibuni nyie. Mie nikifungua mdomo nitalia.

Bibi yenu