Vionjo Sita na Ulimi wa Kavugho

Jumapili, jioni. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, umeme upo (ajabu), na mimi nimekunywa kahawa nyingi mno hata vidole vinacheza juu ya simu. Mnisamehe nikikosea herufi.

Nimefurahi. Ngoja niliseme hilo kwanza, maana kwa wiki nyingi nimekuwa nikileta humu kundini mambo ya kulia tu, hadi wengine wenu mkaniuliza kama bado niko mzima. Niko mzima. Nimefurahi, na moyo unaniuma kidogo kwa pembeni, na yote mawili yametokana na mashine ya kahawa.

Nianze na mdogo wangu. Kwetu mimi ni wa kwanza, Kavugho ni wa mwisho. Mimi niliolewa huku Lubumbashi, yeye akabaki Goma na kufanya kazi ambayo nilichukua miaka kuielewa: kuonja kahawa. Kampuni iliyokuwa ikinunua kahawa ya wakulima wa Kivu ilikuwa na chumba cha vipimo. Vikombe vinapangwa mezani, yeye anapita na kijiko, anafyonza kwa kelele, anatema ndani ya ndoo, anasema hii iende ng'ambo, hii ibaki. Hiyo ndiyo kazi. Wakulima wa mlima mzima wanasubiri mtu mmoja ateme.

Kwa sababu ya kazi hiyo alikuwa mgeni mgumu kuliko wageni wote niliowahi kupokea. Akija likizo, hakuna kukaanga vitunguu asubuhi, hakuna kujipulizia manukato. Aliwahi kumwambia mama mkwe wangu, mbele ya watu, kwamba mawese yake yamechacha. Mama mkwe alinuna hadi siku ya safari.

Halafu Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Siku zile simu yake ilinyamaza na mimi nikawa sili, silali; nilikwisha kuzieleza humu na sitaki kuzirudia. Alipita nchi za watu, akashuka Luano, uwanja wetu wa ndege, na mfuko mmoja wa nailoni, amekonda, homa mwilini. Nilimkumbatia pale nje ya uwanja nikadhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha.

Homa ilipona. Alikuwa anakula chochote nilichoweka mezani, anashukuru, anaosha vyombo. Manukato yangu hakuyasema, vitunguu hakuvisema. Mume wangu, Papa Debora, akanisifia kwamba mdogo wangu amekuwa na adabu. Mimi ile adabu ikaanza kunitia hofu, lakini sikujua ninaogopa nini.

Asubuhi moja, umeme ukiwa umekatika, nikamtilia chumvi kwenye kahawa badala ya sukari. Naviweka katika makopo ya maziwa yanayofanana, ujinga wangu mwenyewe. Alikunywa kikombe chote. Akaniita dada mkubwa kama kawaida: "Aksanti, yaya, iko muzuri." Mimi nikaja kunywa changu, nikakitema chote kwenye beseni la vyombo. Nilipogeuka, alikuwa anapangusa mdomo kwa utulivu kabisa.

Hapo ndipo aliponiambia. Tangu ile homa ya njiani hasikii ladha wala harufu. Anajua moto, anajua baridi, anajua laini na ngumu, basi. Alikuwa anatafuna ugali wangu kama mtu anayejaza gunia.

Daktari alisema inaweza kurudi, na inaweza isirudi. Azoeze pua kila siku kwa vitu vikali: karafuu, ndimu, tangawizi. Alinusa kwa bidii, kisha kwa mazoea, kisha akaacha, na karafuu zikarudi kwenye chai. Wakati huohuo patron wake, mwenye ile kampuni, aliyehamia Kampala na kufungua upya chumba cha vipimo huko, alikuwa anampigia simu: kazi yake ipo, anakuja lini? Kavugho alikuwa anajibu kwamba bado anafikiri. Wiki hii yule bwana akamwambia kwa upole kwamba hawezi kungoja tena, msimu unaanza, ataajiri mwingine.

Hakumwambia ukweli. Aliniambia mimi, jikoni, mikono ikiwa ndani ya maji ya vyombo: "Yaya, niende kule nikafanye nini? Nikae tu pale naangalia bikombe?"

Sasa niungame jambo, maana humu ndimo ninamoungamia. Ndani yangu kulikuwa na mtu mdogo mwenye roho mbaya ambaye hakuwa na haraka ya kumwona Kavugho akipona. Nina miaka mingi katika mji huu, nina mume mwema, nina depo yangu ya maharage na unga. Lakini hakuna mtu wa kuchambua naye mboga huku tukisengenya kwa Kinande. Alipokuja, nyumba ikapata sauti ya kwetu. Nilikwisha kumpangia kazi ya kukaa deponi na kupokea wateja. Nilikwisha hata kuchagua kitenge cha kumshonea.

Huyo mtu mdogo nimemfungia leo nje kwenye mvua.

Mashine ililetwa na Papa Debora. Ana lori dogo, kazi yake ni kuhamisha vitu vya watu, na siku hizi hajakosa kazi, maana wageni wa ofisi za migodi wanafunga virago tangu habari za mashariki zianze kutisha. Vita kwenye ramani iko mbali na sisi, lakini kila simu inailaza mezani kwetu. Mzungu mmoja alimwachia mashine ya kahawa iliyokosa nafasi kwenye masanduku yake, pamoja na boksi la kapsuli. Ni vikopo vidogo, kila kimoja kikombe kimoja: unakitia, unabonyeza, mashine inanguruma, kahawa inatoka na povu. Kwenye boksi kulikuwa na vionjo sita: vanila, karameli, chokoleti, nazi, mdalasini, na noisette, ile njugu ya Ulaya.

Kavugho alipoona boksi alitabasamu kidogo. Zamani angekimbia. Kwa waonjaji wa kahawa, kutia kahawa manukato ni kumvalisha bibi harusi kinyago. Lakini mimi niliwaza tofauti: karafuu zimeshindwa, labda hizi zenye harufu za kupiga kelele zitamwamsha. Nikasema Jumapili hii, umeme ukiwepo, tunaonja zote, familia nzima, na hakuna anayeambiwa anakunywa nini.

Basi leo baada ya kanisa tukakaa sebuleni: mama mkwe kwenye kiti chake, Papa Debora, Kavugho, na mimi nikienda na kurudi jikoni na vikombe.

Vanila ilianza. Mama mkwe alinusa, akasukuma kikombe mbali. "Mama Debora, hii iko sawa sabuni ya kuogea. Unataka tunywe ao tunawe?" Papa Debora akasema iko nzuri. Kavugho akasema, "Iko moto."

Nazi ilinikumbusha mafuta ya nywele niliyopakwa nikiwa shuleni. Papa Debora akasema iko nzuri. Nimeolewa na mtu asiyefaa kabisa kwa kazi hii. Kavugho akainywa yote, akatikisa kichwa.

Karameli, niseme kweli, niliipenda. Nilimaliza yangu na ya mama mkwe, na kama mashine hii itabaki kwangu, mtajua nilipo kila saa nne. Chokoleti ilikuwa nyepesi na chungu kama dawa ya kikohozi. Mdalasini mama mkwe aliitambua mara moja na kujisifu hadi kikombe kikapoa.

Kila mara nilikuwa namwangalia Kavugho kwa pembe ya jicho, na yeye anajua namwangalia. Kufikia kikombe cha tano alikuwa amechoka kunifurahisha. Akanong'ona, "Yaya, tuache. Siko nasikia kitu." Sauti yake haikuwa hata na huzuni. Ilikuwa tambarare, na hiyo ndiyo iliyonivunja moyo.

Nikasema kimoja tu kimebaki, tumalize.

Noisette. Nilimpa, nikageuka kuchukua trei, nikasikia kelele.

Ile kelele. Ile ya kufyonza, ya aibu, ambayo kwetu mtoto anaweza kupigwa kofi akiifanya mezani. Mama mkwe alishtuka. Kavugho alikuwa ameshika kijiko, macho amefumba. Akafyonza tena. Akatema ndani ya kikombe cha karameli, mbele ya mama mkwe wangu.

"Kiazi," akasema. "Humu muko kiazi mubichi."

Hakuna aliyeelewa. Mama mkwe akasema, "Bon, kama anatamani viazi, mumupikie basi mutoto."

Mimi nilielewa, kwa sababu alikwisha kunieleza zamani. Kahawa ya kwetu, ya milima ya Maziwa Makuu, ina ugonjwa wake: punje moja iliyoumwa na mdudu inatosha kufanya kikombe kizima kinuke kiazi kilichomenywa sasa hivi. Haionekani kwa macho. Kikombe hiki kinacho, cha jirani yake hakina. Kazi kubwa ya Kavugho ilikuwa kukitafuta hicho kiazi kabla mnunuzi hajakipata.

Nilianza kulia pale pale. Lakini Papa Debora, ambaye hapendi furaha isiyo na uhakika, akasema pole pole, "Shemeji, ao unawaza tu? Moyo inaweza kudanganya muntu."

Nilimchukia kwa dakika mbili. Uso wa Kavugho ukasawijika. Akasema, "Labda. Sijui. Mupime."

Ikabidi tupime kweli. Tulikuwa na kapsuli mbili zaidi za noisette. Papa Debora akaenda jikoni peke yake, akafunga mlango, tukasikia mashine inanguruma. Alirudi na vikombe vitatu vya rangi moja: viwili vipya, na kimoja akakijaza kahawa iliyobaki ya kile cha kwanza, ameipasha moto ili vyote vilingane. Akavipanga juu ya meza, akarudi nyuma, mikono mifukoni. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi cha kutosikilizana. Mama mkwe, ambaye siku zote husema Kavugho ana majivuno, alikuwa ameshika rozari.

Kavugho akaonja cha kushoto. Akatema. Akaonja cha kati, akakaa nacho mdomoni muda mrefu. Akatema. Akaonja cha kulia, akarudi cha kati.

Akasukuma cha kati mbele. "Ni hii. Zile zingine hazina. Ziko tu kahawa ya zamani na ile parfum yao mbaya."

Tukamtazama Papa Debora. Akainama, akanusa cha kati mwenyewe, akanusa tena, kisha huyu mume wangu wa kila kitu kiko kizuri akakunja uso. "Aa! Vraiment! Iko kiazi!"

Nilikinusa na mimi. Chini ya ile njugu ya Ulaya, kwa chini kabisa, kulikuwa na maganda ya viazi jikoni kwa mama yetu.

Kavugho alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia Luano. Mama mkwe akamvuta kifuani, akamwambia, "Lia, mutoto, lia, yote itoke," na kumpangusa kamasi kwa kitenge chake cha kanisani. Mimi na Papa Debora tulisimama kama watu waliosahau walichokuja kuchukua.

Haijarudi yote. Jioni nzima amekuwa akizunguka nyumba akinusa. Sabuni ya kufulia hapana, kitunguu kwa mbali, vanila hapana (mama mkwe anasema hajapoteza kitu). Karameli anaisikia kama mtu anayesema chumba cha pili. Lakini mlango umefunguka, na daktari alisema ukifunguka kidogo, mara nyingi unaendelea.

Kisha akaniomba simu.

Nilijua anampigia nani. Nilisimama karibu, sijui kwa nini, labda yule mtu mdogo alikuwa anagonga dirisha. "Patron, ni Kavugho. Samahani kwa Jumapili." Akamwambia ukweli wote, homa, chumvi, kila kitu. Kwamba ulimi umerudi leo, nusu tu, na kwamba kama anataka mtu mwenye ulimi mzima sasa hivi, atafute mwingine. Akaulizwa kitu. Akajibu, "Nilipata kiazi mu kahawa ya noisette, patron." Nikasikia mzee mzima anacheka huko Kampala hadi simu inakwaruza.

Alipokata, alikuwa anang'aa. "Amesema nije vile niko. Ile ingine itarudi nikiwa ku kazi."

Nikasema Mungu ni mwema. Nikamaanisha. Nilimwomba Mungu anirudishie mdogo wangu, na leo amenirudishia huyu mwenyewe, mwenye ulimi mkali na kutema mbele ya wakwe. Sikufikiri kwamba akirudi hivyo ataondoka.

Sasa amelala. Mashine imepoa. Kitenge nitamshonea hivyo hivyo, ataenda nacho.

Kesho asubuhi nitapita kumtafutia tiketi kabla ya kufungua depo. Nitaenda mapema, kabla sijabadili nia.